Miksi ya Sauti za Kike: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza Nyumbani, Kuigawa na Kuijadili

Mama mkubwa anakaa Magomeni, nyumba ya Kiswahili yenye kibaraza mbele, na Jumapili ya mwisho wa kila mwezi kibaraza hicho ni chetu kuanzia saa kumi alasiri. Tunatandika mikeka, kahawa inakuja na kashata, sabufa inakaa dirishani, na tunasikiliza miksi moja ya dakika 60 iliyotengenezwa nyumbani na mmoja wetu. Sharti ni moja tu: anayeimba au kuchana (kurap) awe mwanamke. Ikiisha tunabishana mpaka adhana ya magharibi.

Nimeshapeleka miksi saba pale. Mbili zilikuwa mbovu, na moja ilinitia aibu ambayo nitaisimulia huko mbele. Haya ndiyo niliyojifunza, tangu kuokota nyimbo hadi kumtuliza mjomba anayejua kila kitu.

Ipe jina kabla hujachagua wimbo hata mmoja

Mgeni wa kazi hii hufungua simu na kumwaga nyimbo 20 anazozipenda. Hiyo ni orodha. Miksi ina neno la kusema, na njia rahisi ya kulipata neno hilo ni kuipa jina kama unavyonunua kanga. Kanga huichukui kwa maua peke yake. Unasoma maandishi kwanza, maana ndiyo utakayomvalia mtu. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni miksi nzima tayari: kuna anayeonya, kuna anayeonewa wivu, kuna anayejigamba, kuna aliyekwishaanguka. "Japo sipati tamaa sikati" ni nyingine kabisa, polepole, ya usiku. Ukishaandika jina juu ya karatasi, nyimbo zinajichuja zenyewe. Wimbo mtamu usiojibu jina unakaa pembeni, hata kama ni wa Lady Jaydee na unaujua neno kwa neno.

Halafu hakikisha unagusa walau vyumba vitatu vya nyumba hii kubwa. Sauti za kike za kwetu hazianzi na bongo fleva. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ana sura mbili, na Bi Kidude wa taarabu si Bi Kidude wa ngoma ya unyago. Shakila alitoka Tanga. Miaka ya 1990 kulikuwa na Khadija Kopa na Nasma Khamis, enzi za makundi ya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano kurushiana mipasho jukwaani huku Dar nzima ikichagua upande. Kwenye dansi yupo Luiza Mbutu wa Twanga Pepeta. Kwenye injili kuna Rose Muhando na Christina Shusho. Waliochana mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni akina Zay B na Sister P, na baadaye akaja Rosa Ree. Mpaka wa nchi nao usikuzuie: Mbilia Bel wa Kongo alipigwa sana kwenye kumbi na redio za hapa, na watu wazima watakushukuru.

Ushauri wangu ambao wengi wanaukataa: usimweke Khadija Kopa kisha Zuchu mara moja baada yake. Kila mtu anajua ni mama na binti, kwa hiyo kila mtu anafanya hivyo, na msikilizaji anaanza kulinganisha sura badala ya kusikiliza. Watenganishe kwa dakika 30. Binti akiingia, sikio lenyewe litarudi kwa mama bila wewe kulisukuma.

Kuokota nyimbo

Nyimbo mpya nunua, au chukua kwenye CD yako mwenyewe. Epuka zile za kupakua kwenye tovuti za bure. Ukiacha suala la haki, nyingi zina sauti ya jamaa anayetaja jina la tovuti yake katikati ya kiitikio, na hakuna programu itakayomtoa huyo.

Kazi yenye raha ni kanda. Karibu kila nyumba ya Dar ina boksi chini ya kitanda au juu ya kabati lenye kanda za taarabu ambazo hakuna aliyezisikiliza kwa miaka 15. Omba kwa adabu, rudisha kwa wakati. Utahitaji deki au redio inayocheza kanda, waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5 kila upande, na laptopu. Laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la iyafoni, na maiki inayopita humo inaingia upande mmoja tu, kwa hiyo sauti ya kushoto na ya kulia zinachanganyika au moja inapotea. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti za pande zote mbili. Kariakoo zipo. Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, kwa sababu nyingi zinazouzwa nazo ni za upande mmoja.

Kabla ya kucheza kanda yoyote, safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Zungusha kanda kwa kalamu ya Bic uone kama utepe unakwenda bila kukwama, kisha uipeleke mbele yote na kuirudisha yote mara moja. Ikiwa imelala miaka mingi, utepe umejigandamiza na sauti itayumba.

Fungua Audacity, ambayo ni ya bure, na urekodi kwa hezi 44,100. Angalia vipimo wakati mwimbaji yuko juu kabisa, si wakati wa ala: kilele kikae karibu na -6 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Ukirekodi kwa nguvu mno sauti inapasuka, na iliyopasuka hairudi. Mvumo wa kanda unapunguzwa kwa kuionyesha programu sekunde chache za ukimya kabla wimbo haujaanza, kisha kuiambia iondoe kelele ya aina hiyo. Fanya kidogo. Ukizidisha, mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya ndoo ya maji. Mvumo mdogo haujawahi kumuua mtu, na kwa wengine ndiyo harufu ya nyumbani.

Kila faili lipe jina papo hapo: mwimbaji, kundi, wimbo, mwaka kama unaujua, na mtunzi kama unamjua. Hapo kwenye mtunzi ndipo penye mjadala wote wa baadaye, maana mashairi mengi ya taarabu tuliyoyapokea kwa sauti za kina mama yalitungwa na wanaume. Usibahatishe. Acha nafasi wazi, wazee wataijaza.

Kupanga, na ile aibu yangu

Miksi ya dakika 60 hubeba nyimbo 14 hadi 16 za bongo fleva. Ukiingiza taarabu hesabu inavurugika, maana wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 12 na zaidi. Kila mtengenezaji lazima aamue: akate au asikate?

Miksi yangu ya tatu nilikata. Nilikuwa na wimbo wa dakika 13 na nafasi ya dakika tano. Nikatoa beti mbili za katikati, nikaunganisha vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe sikusikia mshono. Jumapili ikafika, wimbo ukapita pale, mama mkubwa akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, simamisha."

Nikasimamisha.

"Hapo umemkata ulimi."

Akausema ubeti mmoja niliouondoa, kwa kichwa, bila kukosa hata mizani moja. Ubeti wa kwanza ulikuwa swali, na huu ndio uliokuwa jibu. Bila huo, kiitikio kilichofuata kilikuwa maneno matupu. Jirani akasema, "Basi ndiyo maana nilishangaa anacheka nini." Nilitamani mkeka unimeze.

Tangu siku hiyo ninakata ala, sikati beti. Taarabu inakupa nafasi za kutosha: utangulizi wa vinanda unaweza kuwa dakika mbili au tatu, na kati ya ubeti na ubeti ala zinarudia mzunguko uleule. Tafuta mwanzo wa mzunguko, ondoa mzunguko mzima, usiondoe nusu. Wimbo wa dakika 13 unashuka hadi nane bila mtu kupoteza neno. Na kama unaona haya kuugusa kabisa, kumbuka kuwa santuri za zama za Siti zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na waimbaji walilazimika kuupima wimbo kulingana na chombo. Tofauti ni kwamba wao walichagua wenyewe cha kuacha.

Mpangilio wangu wa kawaida ni huu: naanza na sauti peke yake au yenye ala chache ili watu wanyamaze, nafika kwenye kelele dakika ya 20, naweka taarabu dakika ya 28 hivi wakati kahawa imeshakolea, kisha napandisha tena. Taarabu ndefu moja kwa kila nusu saa inatosha. Ndani ya mpangilio huo, waache waimbaji wajibizane. Anayelia kuachwa afuatwe na anayesema aende zake. Anayejigamba kwa mali afuatwe na anayeimba kuhusu kodi ya nyumba. Hiyo mbinu si yangu, ni ya mipasho yenyewe.

Kuunganisha

Audacity inakuwezesha kuweka kila wimbo kwenye mstari wake na kuusogeza mbele au nyuma hadi ukae. Ukitaka kufanya kama dijei, moja kwa moja kwa mikono, kuna Mixxx, nayo ni bure. Wenye simu tu watumie BandLab.

Jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote nikalijua kwa kuharibu: usipitishe sauti mbili za kike juu ya nyingine. Zote zinakaa karibu kimo kimoja, zinagombania nafasi ileile, na hakuna inayosikika. Mwimbaji wa kwanza amalize sentensi yake. Kisha pishanisha ala kwa ala, mapigo 16 yanatosha, na mwimbaji wa pili aingie uwanja ukiwa mtupu. Wakati wa kupishana, punguza besi ya wimbo unaotoka. Besi mbili kwenye sabufa moja ni matope.

Kasi nayo ina siri yake. Bongo fleva nyingi zinatembea kati ya mapigo 90 na 105 kwa dakika. Singeli, muziki wa mwendo kasi wa uswahilini Dar, inaanzia 200 na inaweza kufika 300. Watu huogopa kuziweka pamoja, lakini 100 mara mbili ni 200: wimbo wa mapigo 100 unaweza kupokelewa na singeli ya 200 na mguu usikosee, kwa sababu kila pigo la kwanza ni mapigo mawili ya pili. Ukizidi hapo usijaribu kulingana. Kata kabisa, weka ukimya wa nusu sekunde, iachie. Kibaraza kitapiga kelele.

Kwa taarabu na ngoma usiamini namba ambazo programu inakupa. Watu wale walipiga kwa mikono, wakipumua pamoja na mwimbaji, na kasi inapanda na kushuka. Tumia sikio.

Mwisho, sawazisha sauti. Nyimbo za sasa zimepigwa kwa nguvu, za kanda ziko chini. Watu wengi hupandisha za zamani, na mvumo unapanda nazo. Mimi nashusha mpya. Audacity ina kifaa cha kusawazisha kwa kipimo cha LUFS, yaani ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Naweka zote kwenye -16, halafu nahakikisha kilele cha miksi nzima hakivuki -1 dB.

Ijaribu mahali ambapo haitapendwa

Iyafoni zinadanganya. Isikilize kwenye spika ya simu jikoni mafuta yakichemka, kisha kwenye sabufa, kisha ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kama neno la mwimbaji halisikiki kwenye daladala, rudi ukapunguze besi. Jaribio hili linachukua siku moja na limeniokoa mara nne.

Kuigawa bila kummaliza mtu bando

Hesabu ndogo. Miksi ya saa moja kwa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde, namba ikiwa kubwa faili nalo ni kubwa) ni kama MB 144. Kwa 192 ni kama 86. Kwa 128 ni kama 58. Kwa sikio la kibarazani, 192 inatosha kabisa. Kwa ndugu wa Tandahimba anayenunua bando la siku, tuma 128. Mimi naigawa mara mbili, Upande A na Upande B, dakika 30 kila mmoja kama kanda ya C60, kwa sababu faili la MB 29 linashuka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na mtu anaweza kuupenda upande mmoja akauchukia mwingine, jambo ambalo ni zuri kwa mjadala. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti ili jina la faili libaki. Anayekuja na flashi mjazie, ni haraka kuliko yote.

Haki za wasanii: Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki, na Zanzibar kuna COSOZA. Kusikiliza na mashangazi nyumbani ni jambo moja. Kuipiga baa au saluni ni kuionyesha hadharani, na kunahitaji leseni. Kuiuza usithubutu. Ukitaka isikike na watu usiowajua, Mixcloud ni pahali pazuri kuliko kuitupa ovyo, kwa sababu imejengwa kwa ajili ya miksi na ina makubaliano ya kuwalipa wenye haki. YouTube inaweza kuifunga au kuelekeza mapato kwa mwenye wimbo, na ni sawa, wimbo ni wake.

Kikao chenyewe

Orodha ya nyimbo isitolewe kabla. Watu wakiiona wanaanza kusubiri wimbo wao na hawasikii mingine. Igawe mwishoni, imechapwa au imeandikwa kwa mkono, na nafasi zako wazi za watunzi.

Wakati wa kusikiliza hakuna kuongea. Vigelegele ruksa. Tunza pia ruksa: tuna kikapu, na wimbo ukikugusa unainuka unatia shilingi 500 kama ungekuwa ukumbini. Baadaye utaulizwa kwa nini uliinuka pale, kwa neno gani, na hilo ndilo swali bora kuliko "umependa?", kwa sababu mtu anayetoa pesa yake huwa na sababu. Maswali mengine yanayofanya kazi: nani anazungumza na nani katika wimbo huu? Anayesemwa angejibuje? Wimbo upi ulikaa vibaya, na ungeweka upi mahali pake? Ukimwuliza mtu swali la mwisho, jiandae kuumia.

Kuna siku tulimaliza nusu saa juu ya Saida Karoli. Miksi ilikuwa na Maria Salome, ile ya Kihaya ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana wakadhani ni toleo la wimbo wa Diamond Platnumz wa mwaka 2016, kumbe Diamond ndiye aliyeuchukua kwake. Mama mmoja wa Bukoba akafafanua maneno ambayo wote tulikuwa tukiyaimba kwa miaka bila kuyaelewa. Miksi ikawa imelipa pale pale.

Sasa mjomba. Ukiwazungumzia waimbaji wa kike mbele ya watu wa Dar, ndani ya dakika tano kuna mtu atakueleza nani alitoka na nani, nani kanenepa, na nyumba ile nani kamnunulia. Tulijaribu kukemea, haikusaidia. Sasa kuna faini: kila umbea wa maisha ya mwimbaji ni 1,000 kikapuni. Mjomba alilipa 6,000 kikao cha kwanza akidai anatoa historia. Kikao cha pili akalipa 2,000. Siku hizi anaongelea gitaa, na kumbe anajua magitaa vizuri sana, alipiga besi ujanani na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkijadili kwenye kundi la simu badala ya kibarazani, taja dakika: "14:20, pale anapovuta pumzi." Bila dakika kila mtu anazungumzia kitu chake. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Na umeme ukikatika katikati, kama ulivyotukatikia miezi miwili mfululizo, usisubiri: spika ndogo yenye chaji, watu wasogee karibu.

Baada ya mikeka kukunjwa

Usiku huohuo, kabla hujasahau, rekebisha orodha. Watunzi waliotajwa na wazee waandike, jina la mpiga kinanda, kundi sahihi, na penye ubishi andika pande zote mbili. Tuma upya orodha iliyosahihishwa pamoja na faili. Pesa ya kikapu inalipa kahawa, na inayobaki inanunua kanda au CD halali kwa ajili ya miksi ijayo.

Mwezi huu kikapu kilikuwa na shilingi 14,500. Zamu inayofuata ni ya binti wa Tandale anayesoma cherehani, ambaye ameshatutangazia kuwa ataleta singeli ya kike tupu, dakika zote 60, bila taarabu hata moja. Mama mkubwa ameuliza kama anaweza kukaa sebuleni, mlango ukiwa wazi.